Pichi ya Kitambaa na Pichi ya Waridi

Pichi ndiyo rangi inayowasumbua mafundi wa maua kuliko zote. Nyekundu ni nyekundu hata ukiitazama kwa kibatari, na nyeupe ikipotoka kidogo hakuna atakayeuliza. Pichi haitulii. Asubuhi inaelekea kwenye rangi ya waridi, jua la mchana likiwaka inapauka na kuwa krimu, na jioni chini ya taa za njano za ukumbini inageuka chungwa. Lichunguze tunda lenyewe linaloteremshwa sokoni kutoka Lushoto: shavu moja ni njano, shavu lililokuwa linatazama jua ni jekundu, na katikati kuna rangi isiyo na mpaka. Kamati ya harusi ikishakaa na kukubaliana kwamba "rangi zetu ni pichi na dhahabu", imemkabidhi fundi wa maua mzigo mzito, na mara nyingi wanakamati wenyewe hawajui uzito wake.

Mimi nimeiona kazi hii kwa karibu Zegereni, Kibaha, mahali ambapo watu wengi wanapajua kwa viwanda. Ukiiacha barabara ya Morogoro pale Visiga na kuingia ndani, unapishana na malori, unakula vumbi, na kati ya kiwanda na kiwanda unaona mikorosho na miembe ya wenyeji. Joto ni la pwani hasa. Fundi ninayemzungumzia anafanyia kazi kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yake, upande usiopigwa na jua la alasiri. Ana meza moja ndefu, ndoo zilizosuguliwa zikatakata, mkasi wa bustani unaonolewa kila wiki, na kopo la pini zenye vichwa vya lulu. Watu wanamwita Dada Maua, hata waliomzidi umri.

Waridi analofungia harusi halioti Zegereni. Waridi la kukata linataka usiku wa baridi. Baridi inalichelewesha, na katika kuchelewa huko kikonyo kinarefuka na tumba linanenepa; usiku wa joto unaliharakisha, likafunguka dogo juu ya kikonyo kifupi. Ndiyo maana mashamba ya mawaridi ya Tanzania yako Arusha, upande wa Tengeru na Usa River chini ya Mlima Meru, kwenye mita elfu moja na mia kadhaa juu ya usawa wa bahari, na yale ya Kenya yanayojulikana zaidi yamelizunguka Ziwa Naivasha, karibu mita 1,900. Hata Oman, ambako mababu wa pwani yetu walikuwa wakipata marashi ya waridi, ua lenyewe halichumwi jangwani. Linachumwa Jabal al-Akhdar, milimani, kuanzia mwezi Machi hadi Mei, kisha linachemshwa na mvuke wake kukusanywa. Katika nchi za joto kama zetu, waridi ni mtu wa mlimani.

Kwa hiyo mawaridi ya Zegereni yanasafiri kwa basi. Jiografia imemsaidia fundi hapa, na yeye ameitumia vizuri. Mabasi mengi ya Arusha yakishapita Segera na Chalinze yanapita Mlandizi, kisha Visiga, ndipo yafike stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis. Fundi wa Dar es Salaam anangoja mzigo uvuke foleni yote ya Kimara. Huyu wa Zegereni anausubiri barabarani, anaushusha ungali na ubaridi kidogo ndani ya magazeti. Makonda wanamfahamu. Amewafundisha kwamba boksi la maua halikai karibu na injini, halilaliwi na gunia la vitunguu, na halikai pamoja na maembe mabivu. Hilo la maembe si ushirikina. Matunda yanayoiva, embe, ndizi, parachichi, yanatoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo inayazeesha maua: petali zinadondoka kabla ya wakati na matumba yanagoma kufunguka. Kwa sababu hiyo hiyo jokofu lake la maua haliwekwi hata papai moja, na watoto wa nyumba ile wamelikubali hilo.

Rangi ya pichi kwenye waridi ina historia ndefu ya uvumilivu. Ndani ya petali kuna rangi za namna mbili zinazokaa pamoja: za njano, jamii ileile inayoipa karoti rangi yake, na zile za wekundu zinazotia rangi rosela. Zikichanganyika kwa kiasi ndipo unapata pichi. Mawaridi ya bustani ya Ulaya ya zamani yalikuwa na wekundu na weupe tele lakini njano yao ilikuwa hafifu. Mkulima mmoja wa Lyon, Ufaransa, Joseph Pernet-Ducher, alihangaika miaka kuoanisha waridi la njano la asili ya Uajemi na mawaridi ya bustani, na mwaka 1900 akalitoa hadharani ua aliloliita Soleil d'Or. Njano kali, chungwa na nyingi ya pichi tunazoziona leo zina damu ya kazi ile. Karne moja baadaye Mwingereza David Austin alilionyesha waridi la Juliet kwenye maonyesho ya Chelsea, London, mwaka 2006, baada ya takribani miaka 15 ya kulitafuta. Lina petali nyingi zilizojikunja ndani kama kitabu kilichojaa kurasa, na rangi yake ni pichi iliyokolea moyoni. Kwenye masoko ya maua ya Uholanzi na mashamba ya Afrika Mashariki kuna pia Peach Avalanche, la kichwa kikubwa na pichi iliyopauka kuelekea krimu.

Dada Maua hayaagizi kwa majina hayo. Anaagiza kwa tabia. Akimpigia simu mtu wake wa Arusha anasema anataka "lile linalofunguka taratibu", au "lile la kichwa kikubwa linalopauka", na mtu wake anaelewa. Nimependa namna hiyo ya kulijua ua. Jina halimwambii fundi kama tumba litakuwa limefunguka saa nane mchana Jumamosi, mbele ya mpiga picha; tabia inamwambia.

Boksi likifika, jambo la kwanza ni maji. Waridi lililosafiri mchana kutwa limemeza hewa kwenye ncha ya kikonyo, na hewa hiyo inaziba njia ya maji. Ukilitumbukiza tu kwenye ndoo litasimama saa chache, kisha shingo itainama na kichwa kitatazama chini. Kwa hiyo kila kikonyo kinakatwa tena, sentimita mbili au tatu, kwa mshazari, ncha ikiwa ndani ya maji. Majani ya chini yote yanatolewa, maana jani likioza ndani ya ndoo linaleta bakteria, na bakteria nao wanaziba njia ileile. Maji anayatengeneza mwenyewe: kwa kila lita moja, kijiko cha chakula cha sukari, vijiko viwili vya maji ya ndimu, na nusu kijiko cha chai cha Jik. Sukari ni chakula, ndimu inayafanya maji yapande kwa urahisi, Jik inaua wadudu. Baada ya hapo hakuna kinachofungwa wala kinachoguswa. Mawaridi yanaachwa yanywe usiku kucha, kwenye chumba chenye giza, yamevalishwa magazeti hadi shingoni ili yasimame wima.

Alfajiri ndipo anayachambua. Petali mbili au tatu za nje, zile zenye michubuko na kingo za kijani, anazitoa kwa dole gumba, akizisukuma pembeni badala ya kuzivuta chini ili kitako cha ua kisichanike. Kisha anayagawa kwenye ndoo kwa kadiri yalivyofunguka, maana ua moja lina pichi zaidi ya moja katika maisha yake. Likiwa tumba limekolea. Likifunguka nusu linalainika. Likifunguka lote limepauka. Mtu asiyejua atayachanganya na kusema yote ni mamoja, kisha picha zitakuja na shada litaonekana lina madoa. Fundi anazipanga pichi hizo kama mpishi anavyopanga viungo, na hapo ndipo upatanisho wa maua ya harusi unapoanzia.

Siku moja alikuja msichana wa kamati, simu mkononi, akamwonyesha picha ya gauni za wapambe.

"Dada, rangi yetu ni hii."

Fundi akaitazama kwa adabu, akamrudishia. "Mdogo wangu, hiyo ni pichi ya simu. Nenda kwa fundi wenu wa nguo uniletee kipande cha kitambaa. Hata cha ukubwa wa kiganja changu kinatosha."

Msichana akaona ni usumbufu, lakini akaenda. Kipande kilipokuja kilikuwa satini ya Kariakoo, pichi yenye chungwa ndani yake, tofauti kabisa na ile ya kwenye kioo. Nilimwona fundi akikipeleka kwanza uani, penye mwanga wa jua, akakishika kando ya waridi. Akaingia nacho ndani chini ya taa ya njano. Akakiweka tena chini ya taa nyeupe ya simu. Kwenye jua satini na waridi vilikuwa ndugu. Chini ya taa ya njano kitambaa kilikimbilia kwenye chungwa na ua likabaki nyuma. Akauliza ukumbi ni upi na taa zake ni za namna gani, kisha akaamua: mawaridi ya wapambe yawe ya hatua ya tumba, yaliyokolea, ili yaufuate mwendo wa kitambaa, na ya bibi harusi yawe yaliyofunguka zaidi, yaliyopauka, kwa kuwa gauni lake ni jeupe na pichi kali ingelifanya gauni lionekane la samli. Ua la bwana harusi likatwe kutoka ndoo ileile ya bibi harusi, si ya wapambe. Hili la mwisho alilisema kwa mkazo, na nadhani ndilo lililonifanya niiheshimu kazi yake kuliko mengine yote. Mgeni aliyekaa nyuma ukumbini hatalijua, lakini jicho lake litamwambia nani na nani ni wa pamoja.

Shada lenyewe analifunga akiwa amesimama. Mkono wa kushoto unashika, wa kulia unaongeza. Waridi la kwanza linasimama wima. La pili linalazwa juu yake kwa mshazari, kikonyo kikielekea kushoto. La tatu vilevile, upande uleule. Na kila baada ya maua machache shada zima linazungushwa kidogo mkononi. Siri yote ni kwamba vikonyo vyote vielekee upande mmoja. Kimoja kikienda kinyume, vingine vinabanana na vichwa vinapandana. Vikifuatana vyote, vichwa vinajifungua duara kama kuba, na mahali vinapokatana, pale kwenye kiuno cha shada, panakuwa pembamba na imara. Akimaliza analiweka mezani bila kuliegemeza, na linasimama kwa miguu yake. Huo ndio mtihani. Shada lisilosimama analifumua lote, hata kama saa zimekwenda.

Kiuno anakifunga kwa ukambaa laini, kisha satini, kisha pini kutoka chini kwenda juu, zikiingia kwenye vikonyo kwa mshazari ili ncha isitokeze ikamchoma bibi harusi. Mpini unaachwa upana wa kiganja na vidole viwili. Mrefu zaidi unagonga gauni. Mfupi unachosha mkono. Na anamwambia kila bibi harusi alishike usawa wa kitovu, viwiko vimelegea, maana wakiwa na hofu wengi wanalipandisha kifuani na kuficha kazi yote ya fundi wa gauni.

Ua la koti ni dogo, halizidi kidole kwa urefu, na watu wanalidhania rahisi. Mimi naliona gumu kuliko shada. Shada lina mawaridi ishirini au zaidi, na moja likilegea mengine yanalisitiri. Ua la koti liko peke yake kifuani, halina maji, na litakumbatiwa na ukoo mzima.

Fundi analichagua lililofunguka nusu, lenye kichwa kidogo na kigumu. Analikata kikonyo chote na kubakiza sentimita mbili. Anachukua waya mwembamba, anautoboza kwenye kitako cha kijani chini ya petali, kuingia upande huu na kutokea ule, taratibu, ukisikia unapita kwenye nyama ya ua. Anautoboza wa pili kukatisha wa kwanza. Ncha zote nne anazikunja chini zifuatane na kikonyo. Sasa shingo ya waridi ni waya, na haitainama hata ikumbatiwe na mashangazi wote wa Mlandizi. Kisha utepe wa kijani wa maua. Utepe huu ukiugusa haunati, unanata ukivutwa. Anauvuta kwa vidole viwili huku mkono mwingine unalizungusha ua, na utepe unashuka wenyewe kwa mshazari, mwembamba, bila kufanya matuta. Jani moja la waridi nyuma, nalo limeshonwa kwa waya kwenye mshipa wake wa katikati, upande usioonekana. Vishada viwili vya jipsofila pembeni, visizidi. Mkia anaukata, anaupinda kidogo. Ua lote analipima kwa kuliweka kwenye kiganja na kukikunja: likiwa zito, kola ya koti italala.

Kulibandika nako kuna namna yake. Upande wa kushoto, kwenye kola, pini inaingia kutoka nyuma ya kitambaa, inapita juu ya kikonyo, inarudi kwenye kitambaa, ncha inajificha. Kichwa cha ua juu. Nimeona harusi nyingi ambazo bwana harusi amebandikwa ua kichwa chini, au pini imechomoza mbele kama msumari, na fundi hayupo kusema neno. Dada Maua anamtuma mtu wake aende akabandike kwa mkono. Anapeleka pia mawili ya akiba, kwenye boksi lenye pamba yenye unyevu, moja la bwana harusi na moja la msimamizi wake, kwa kuwa anajua kukumbatiana kwetu.

Wapo wanaosema ua la koti ni la kizungu na limetujia na suti. Suti ndiyo, ilikuja. Lakini pwani hii ilishajua kubandika maua mwilini siku za furaha. Kikuba cha asumini, rehani na mkadi kilichofungwa kwa uzi na kubandikwa kifuani au kwenye nywele, koja la asumini lililotungwa tumba kwa tumba jioni kabla hayajafunguka, hizo ni kazi za wanawake wa Bagamoyo, Unguja, Mombasa na Lamu. Na ufundi ni uleule: ua linachumwa wakati wake, linafungwa dogo, linakaa karibu na ngozi, na uzi hauonekani. Kilichobadilika ni kwamba asumini huleta harufu na waridi la pichi huleta rangi, maana mawaridi mengi ya kukata yamepoteza harufu katika kutafutiwa uimara wa safari. Dada Maua analijua pengo hilo. Akipata asumini mbichi jirani, anaficha tumba chache ndani ya shada la bibi harusi, zisionekane, zisikike tu puani. Hatozi pesa kwa hilo.

Yako maua ya plastiki na ya kitambaa, yamejaa Kariakoo, na siwalaumu wanaoyanunua. Hayanyauki, yanafaa kwa meza na geti la ukumbi, na harusi ni gharama. Lakini kwa mkono wa bibi harusi na kifua cha bwana harusi nashikilia ua hai. Pichi ya plastiki ni moja tu, kutoka ukingoni hadi moyoni, nayo chini ya mwanga mkali inang'aa kama sahani. Pichi ya waridi ina njano ndani na wekundu pembeni, na ngozi ya mtu mweusi inaipokea vizuri ajabu. Kando ya shingo au mkono wa bibi harusi rangi ile inapata joto ambalo haina ikiwa ndani ya ndoo. Wapiga picha wanalijua hili.

Mchana wa harusi kazi yote imeshafungwa. Mashada yamesimamishwa ndani ya maboksi, vikonyo kwenye maji kina cha vidole viwili, magazeti yenye unyevu yamezungushwa pembeni, chupa za maji ya barafu zimewekwa kwenye kona bila kugusa petali. Bajaji inakwenda polepole hadi lami. Njiani, Zegereni mpaka ukumbini Maili Moja, hakuna turubai linaloinuliwa, kwa kuwa upepo wa moto unakausha ua haraka kuliko jua.

Kinachobaki ni kwetu tunaokaa kwenye kamati. Maua tunayaweka mwisho wa orodha, baada ya keki, muziki na vinywaji, na fundi tunampigia Jumatano kwa harusi ya Jumamosi, tukiwa na picha ya simu na nusu ya pesa. Mpelekeeni kipande cha kitambaa siku ileile kinapokatwa cha gauni. Mwambieni ukumbi na aina ya taa zake. Mpeni malipo ya awali wiki tatu kabla, ili aagize Arusha kwa wakati na achague badala ya kupokea kilichobaki. Na siku yenyewe mtengeeni kiti na sahani ya pilau, maana amekesha.